Kipepeo Mweupe na Nduguze: Funzo la Mgeni Aliyeitiwa Mgeni

Mwezi Machi 2025 jarida la kisayansi liitwalo Science lilitangaza matokeo ya hesabu kubwa ya vipepeo wa Marekani. Wataalamu walikusanya kumbukumbu za vipepeo zaidi ya milioni 12, wa aina 554, walioonekana katika safari za ukaguzi zipatazo 76,000. Wakakuta kwamba kati ya mwaka 2000 na mwaka 2020 vipepeo wa nchi hiyo wamepungua kwa asilimia 22. Maana yake ni kwamba katika kila vipepeo watano walioruka mwanzoni mwa karne hii, mmoja ametoweka bila kuacha wa kushika nafasi yake.

Askari aliye zamu mpakani, au polisi aliye doria usiku, ana haki ya kuuliza habari ya vipepeo wa ng'ambo yamhusu nini. Swali hilo ni halali na linastahili jibu. Nyuma ya hesabu hiyo mna kisa cha miaka mia moja na sitini, cha kipepeo mmoja mgeni aliyepenya katika bara zima, cha mdudu wa pili aliyeitwa kumpiga yule wa kwanza, na cha wenyeji wasio na hatia walioangamia kati ya hao wawili. Kisa hicho ni cha mpaka uliovukwa bila ukaguzi, cha silaha iliyofyatuliwa kabla ya kupeleleza, na cha adui aliyeponyoka kwa kuwa macho yote yalielekezwa pengine. Mambo hayo matatu, mpiganaji hahitaji kuelezwa uzito wake.

MGENI ALIYEKUJA NA MELI

Mhusika mkuu wa kisa chetu ni kipepeo mweupe mdogo wa kabichi, ambaye wanasayansi humwita Pieris rapae. Mabawa yake ni meupe, yenye ncha za kijivu cheusi na doa jeusi moja au mawili. Kiwavi wake ni wa kijani kibichi kama jani alalo juu yake, na chakula chake ni kabichi, sukuma wiki, haradali na mimea mingine ya ukoo huo. Asili yake ni Ulaya na Asia, ambako ameishi na wakulima tangu zamani.

Mnamo mwaka 1860 kipepeo huyo alionekana katika jimbo la Quebec, nchini Kanada. Inaaminika aliingia kwa meli, ndani ya shehena ya mboga. Hakuna aliyemzuia, kwa kuwa hakuna aliyemjua. Kutoka Quebec alishuka kusini na kuelekea magharibi, akifuata mashamba na njia za biashara, na karne ya 19 haikwisha kabla hajafika pwani ya bahari ya Pasifiki. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Samuel Scudder, alikusanya ushahidi wa watu wa miji mbalimbali, akachapisha mwaka 1887 taarifa ya hatua kwa hatua ya uvamizi huo, mithili ya ofisa wa upelelezi anayechora ramani ya safari ya adui.

Kipepeo hakuishia hapo. Mwishoni mwa karne hiyo alikuwa amefika visiwa vya Hawaii. Mwaka 1930 alikutwa New Zealand, na kabla ya miaka ya 1930 kwisha alikuwa Australia. Mwaka 2019 wanasayansi walichunguza chembe za urithi za vipepeo hao waliokusanywa na watu wa kujitolea katika nchi 32, wakathibitisha kwamba safari zake zimefuatana na safari za biashara ya binadamu. Kwa kifupi, kila meli ilipotia nanga, yeye naye alishuka.

Bara la Amerika Kaskazini lilikuwa na vipepeo weupe wake wenyewe, ndugu wa damu wa mgeni huyo. Mmoja ni Pieris oleracea, tutakayemwita hapa kipepeo wa haradali, aliyekuwa akionekana katika misitu na malisho ya majimbo ya kaskazini mashariki. Mwingine ni Pieris virginiensis, aishiye katika misitu ya milima ya Appalachia, ambaye huzaa mara moja tu kwa mwaka, katika majira ya kuchipua. Ndugu hawa walikuwa wakila haradali za mwituni na hawakuwa na ugomvi mkubwa na mkulima. Baada ya mgeni kuenea, watu wakaanza kuona kwamba kipepeo wa haradali anaadimika. Dhana iliyowajia kwanza ilikuwa nyepesi: mgeni mwenye nguvu amemnyang'anya mwenyeji chakula.

Dhana hiyo ilielekea kuwa kweli, lakini haikutosha. Mimea ya ukoo wa haradali ilikuwa tele mashambani na kando ya njia. Vipepeo hao wawili waliweza kuruka juu ya bonde moja bila mmoja kumfukuza mwenziwe. Ilibidi mwuaji atafutwe mahali pengine.

SILAHA YA MWAKA 1883

Hasara ya wakulima wa kabichi ilipozidi, Idara ya Kilimo ya Marekani, ambayo mkuu wake wa elimu ya wadudu alikuwa Charles Valentine Riley, iliagiza msaada kutoka Uingereza. Msaada huo ulikuwa nyigu mdogo mweusi, asiyefikia ukubwa wa punje ya mchele, aitwaye Cotesia glomerata. Aliletwa katika miaka ya 1883 na 1884, na tukio hilo huhesabiwa miongoni mwa mara za kwanza kabisa ambapo binadamu alichukua mdudu adui wa mdudu kutoka bara moja na kumwachia katika bara jingine kwa makusudi.

Namna ya kupigana ya nyigu huyo ni ya kutisha. Jike hutafuta kiwavi mchanga, humchoma na kutaga ndani ya mwili wake mayai kadhaa, mara nyingi zaidi ya ishirini. Mayai huanguliwa, na mabuu yakaanza kumla kiwavi kwa ndani, huku mwenyewe akiendelea kula kabichi kana kwamba hana lolote. Yakisha kukomaa hutoboa ngozi yake, hutoka nje kwa pamoja, na kujisukia vifukofuko vya manjano kando ya mwili wake. Kiwavi hufa. Katika siku chache kila kifukofuko hutoa nyigu mpya, na msako huanza tena.

Haifai kuwacheka watu wa zama zile. Njia yenyewe, ya kumpiga mdudu kwa mdudu, ni njia nzuri, na Riley huyo huyo alihusika miaka michache baadaye katika ushindi mkubwa huko California, ambako mdudu kobe kutoka Australia aliokoa mashamba ya machungwa baada ya kuletwa mwaka 1888. Kasoro ilikuwa katika swali lililoulizwa. Waliuliza: je, nyigu huyu atamwua mdudu wa kabichi? Hawakuuliza: je, atamwua nani mwingine? Nyigu hakupewa picha ya adui. Alipewa uwanja mzima, na desturi yake tangu kwao Ulaya ilikuwa kushambulia viwavi wa ukoo huo mzima wa vipepeo weupe. Kwa macho ya nyigu, kiwavi wa kipepeo wa haradali alikuwa windo kama mawindo mengine.

KAMBI YA NYUMA

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na msomaji mwanajeshi atalifahamu upesi kuliko raia. Kwa kawaida mwindaji hutegemea windo lake. Akiwinda kupita kiasi, mawindo hupungua, naye mwindaji hushikwa na njaa, idadi yake hushuka, na mawindo machache yaliyobaki hupata nafasi ya kupumua na kuzaana upya. Huo ndio mzani uliozuia spishi nyingi zisiangamizwe na adui zao.

Lakini mzani huo huvunjika mwindaji akipata ghala jingine. Kipepeo mweupe mgeni alikuwa mamilioni kwa mamilioni, katika kila bustani ya kabichi kutoka kijiji hadi kijiji. Nyigu alimla bila kummaliza, akaneemeka, akaongezeka. Kila mara aliporuka kutoka bustanini akaingia malishoni, alimkuta kipepeo wa haradali, mchache na dhaifu, akampiga naye pia. Mwenyeji alipopungua, nyigu hakuona njaa hata siku moja, kwa kuwa kambi yake ya nyuma, yaani bustani zilizojaa viwavi wa mgeni, iliendelea kumlisha. Jeshi lenye kambi salama ya kulipatia chakula na askari wapya laweza kuizingira ngome ndogo mwaka hata mwaka, mpaka ngome iishe. Ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo kipepeo wa kawaida aliweza kumdhoofisha ndugu yake adimu bila kupigana naye, bila kumnyang'anya jani moja, na bila kukutana naye. Alichofanya ni kumlisha mwuaji wao wa pamoja, huku wingi wake mwenyewe ukimwezesha kustahimili hasara ambayo mdogo hawezi kuistahimili. Mwaka 1977 mwanasayansi Robert Holt aliueleza utaratibu huo kwa hesabu, akaonyesha kwamba aina mbili zisizogusana zaweza kudhuriana vikali kwa kupitia adui mmoja. Mtazamaji wa mbali hudhani zinashindana kumbe hazishindani.

Ushahidi ulipatikana uwanjani. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walichukua viwavi, wakawaweka katika malisho ya wazi na ndani ya misitu, kisha wakawarudia ili kuona wangapi wameingiliwa na nyigu. Katika malisho, mashambulizi yalikuwa makali. Ndani ya msitu viwavi walikuwa na usalama, kwa maana nyigu huyo hupenda mahali penye jua na hapendi kuwinda chini ya miti. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2003.

Jambo hilo linaeleza mengi. Kipepeo wa haradali huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kizazi cha kwanza, cha majira ya kuchipua, hukua msituni juu ya mimea ya porini inayoota mapema, na hicho huokoka. Kizazi kifuatacho hutoka kwenda malishoni, kwa kuwa mimea ya msituni imekwisha kunyauka, na huko ndiko kinakoviziwa. Katika sehemu za mashariki za jimbo la Massachusetts kipepeo huyo ametoweka, ilhali kaskazini mwa jimbo la Vermont bado anaonekana. Naye Pieris virginiensis, asiyetoka msituni na azaaye mara moja tu, kwa sehemu kubwa hakufikiwa na nyigu.

Yafaa kutaja pia hoja ya mtaalamu Frances Chew, aliyeandika mwaka 1981 kwamba ukataji wa misitu uliwaondolea vipepeo wenyeji mimea yao ya majira ya kuchipua. Hoja hiyo haipingani na habari ya nyigu. Msitu ndio uliokuwa handaki la kizazi cha kwanza. Handaki lilipofukiwa na mpiga shabaha akiwa bado anangojea nje, aliyekuwamo hakuwa na pa kukimbilia.

SILAHA ILIYOCHONGWA UPYA

Kisa hiki kingekuwa cha huzuni tupu lau kingeishia hapo. Mwaka 1988 wataalamu wa Massachusetts walileta nyigu mwingine, Cotesia rubecula, aliyetoka Uchina. Huyu ni ndugu wa yule wa kwanza, lakini tabia zake ni nyingine. Hutaga yai moja tu katika kila kiwavi. Hupendelea mno kipepeo mweupe wa kabichi kuliko nduguze. Na akikutana na buu la nyigu wa zamani ndani ya kiwavi mmoja, kwa kawaida buu lake ndilo linaloshinda.

Yaliyofuata yalikuwa ya ajabu. Mgeni mpya alipoenea katika majimbo ya New England, alimnyang'anya nyigu wa zamani kambi yake ya nyuma. Nyigu wa zamani, akiwa hana tena ghala la kumlisha, akaanza kuadimika. Na katika baadhi ya mabonde ya Massachusetts, kipepeo wa haradali akaonekana kushamiri tena. Hakuokolewa kwa kufukuza adui zake mmoja mmoja malishoni. Aliokolewa kwa kukata njia ya chakula ya adui huyo.

Hata hivyo, si vyema kutangaza ushindi kabla ya wakati. Kuna mmea uitwao Alliaria petiolata, haradali yenye harufu ya kitunguu saumu, ulioletwa na walowezi kutoka Ulaya na kuandikwa kwa mara ya kwanza huko Long Island mwaka 1868. Mmea huo umeingia misituni, mahali ambapo nyigu hakufika. Harufu yake humdanganya kipepeo Pieris virginiensis, akataga mayai juu yake akidhani ni haradali ya kwao, kisha watoto wake wakafa kwa sumu. Kwa hiyo yule ndugu aliyeponea msituni amefuatwa huko huko na mtego mwingine. Kuhusu kipepeo wa haradali, baadhi ya viwavi wake wameanza kuumudu mmea huo, dalili kwamba maumbile hayakosi njia pale yanapopewa muda.

Na ile hesabu ya mwaka 2025 tuliyoanza nayo ina habari moja zaidi: hata kipepeo mweupe wa kabichi, mshindi wa mabara, amepungua Marekani kwa kiasi cha nusu katika miaka hiyo ishirini. Dawa za kuua wadudu, kupotea kwa makazi, na joto lililozidi havibagui mwenyeji na mgeni. Aliyedhani kwamba wingi ni kinga ya milele ajifunze hapo.

MAMBO YA KWETU

Msomaji asidhani kwamba hayo ni ya Wazungu peke yao. Afrika ya Mashariki ina kisa kinachofanana nacho kama shilingi kwa ya pili. Bungua, yaani funza atobolaye mabua ya mahindi na mtama, ni wa aina kadhaa. Mmoja wao, Chilo partellus, asili yake ni Asia, naye alitajwa barani Afrika kwa mara ya kwanza nchini Malawi mwaka 1930. Tangu hapo ameenea katika nchi za mashariki na kusini mwa bara. Pwani ya Kenya palikuwa na ndugu yake mwenyeji, Chilo orichalcociliella. Wachunguzi walipolinganisha kumbukumbu za miaka mbalimbali waliona kwamba mgeni amechukua nafasi kubwa iliyokuwa ya mwenyeji, kwa kuwa hukua haraka na hutangulia kuamka msimu wa mvua unapoanza.

Mwaka 1993 kituo cha uchunguzi wa wadudu cha ICIPE, kilichoko Nairobi, kilimwachia pwani ya Kenya nyigu aitwaye Cotesia flavipes, aliyetolewa Asia alikotoka bungua mwenyewe. Nyigu huyo ni wa ukoo ule ule wa nyigu wa kabichi tuliowataja. Amesaidia kupunguza bungua mashambani, na mkulima wa mahindi amenufaika. Kwa kuwa bungua mwenyeji naye ni mharibifu, hakuna aliyemlilia. Lakini njia iliyotumika ni ile ile, na siku nyingine ndugu mwenyeji atakayekuwa hatarini aweza kuwa mdudu achavushaye maua ya mazao yetu.

Mfano mzuri zaidi wa faida ni ule wa kidungata wa muhogo, aliyetoka Amerika ya Kusini na kuonekana katika Bonde la Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Muhogo, chakula cha mamilioni ya watu, ulikuwa unanyauka nchi baada ya nchi. Wataalamu, wakiongozwa na Hans Herren, walitafuta adui wake huko huko alikotoka, wakampata nyigu mmoja nchini Paraguay, wakamchunguza katika karantini, ndipo wakaanza kumwachia Nigeria mwaka 1981. Nyigu yule alishika shabaha yake na muhogo ukaokoka. Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Waganda nao wanakumbuka jinsi gugu maji lilivyoziba ghuba za Ziwa Victoria na Ziwa Kyoga, na jinsi fukusi walioachiwa katika miaka ya 1990 walivyosaidia kulipunguza. Mwenye kusema kwamba silaha ya namna hii itupwe kabisa hajui njaa.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui. Ukoo wa vipepeo weupe wa kabichi unaye ndugu Mwafrika, Pieris brassicoides, aishiye katika nyanda za juu za Ethiopia na milima ya kaskazini ya Tanzania, na si mahali pengine duniani. Eneo lake ni dogo na ni la milimani. Wakati huo huo, binamu yake wa Ulaya, kipepeo mweupe mkubwa aitwaye Pieris brassicae, amekwisha kujenga makazi huko Cape, Afrika ya Kusini, tangu miaka ya 1990. Kutoka Cape hadi milima ya Tanzania ni mbali kwa mabawa, lakini ni safari fupi kwa lori la mboga au kwa ndege ya mizigo. Akifika na kuongezeka katika bustani zetu, na mtu akaharakisha kumwachia nyigu asiyechagua, kisa cha kipepeo wa haradali chaweza kurudiwa juu ya milima yetu wenyewe.

KAZI YA ASKARI

Huko New Zealand walijifunza somo hili wakalitenda. Kipepeo huyo mweupe mkubwa alipogunduliwa katika mji wa Nelson mwaka 2010, serikali iliona hatari kwa kabichi za wakulima na kwa haradali za mwituni za nchi hiyo, ambazo nyingi ni adimu. Operesheni ilianza mwishoni mwa mwaka 2012. Majumba na mashamba yapatayo 29,000 yalikaguliwa, na ukaguzi ulirudiwa mpaka kufikia mara 263,000. Watoto wa shule waliahidiwa zawadi ya fedha kwa kila kipepeo watakayemkamata wakati wa likizo, nao wakajitokeza. Kipepeo wa mwisho alionekana Desemba 2014, na Novemba 2016 serikali ikatangaza kwamba amekwisha. Hilo lilikuwa jambo lisilowahi kufanyika duniani kwa kipepeo mvamizi. Gharama ilikuwa takriban dola milioni 5 za nchi hiyo, nazo ni chache kuliko hasara ya kuishi naye daima. Siri ya ushindi ilikuwa kumgundua angali katika mji mmoja, na kuwafanya raia kuwa macho ya serikali.

Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi wanachama nane, baada ya kujiunga kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Malori yapitayo Malaba, Busia, Mutukula, Katuna na Mpondwe yanabeba riziki ya watu, na yabebe zaidi. Lakini kila gunia la mboga, kila mche wenye udongo mizizini, na kila shehena ya nafaka yaweza kuwa na abiria asiye na hati. Cheti cha afya ya mimea kina uzito wa pasipoti. Askari anayeona shehena isiyo na cheti hicho aiitie mkaguzi wa kilimo hata kama mwenye mali ana haraka, na hata kama anatoa mkono wenye kitu ndani yake. Rushwa ya noti moja mpakani yaweza kuligharimu taifa mavuno ya miaka mia.

Vikosi vyenyewe pia visijione viko nje ya sheria hii. Kisiwani Guam, katika bahari ya Pasifiki, nyoka mmoja wa miti anaaminika kuwa aliingia pamoja na mizigo ya kijeshi baada ya Vita Kuu ya Pili. Aliwamaliza karibu ndege wote wa misitu ya kisiwa hicho. Askari wetu wamekuwa wakitumwa nje ya nchi, wakiwamo waliokwenda Somalia tangu mwaka 2007, na magari, mahema na masanduku hurudi pamoja nao. Kuosha tope la gari kabla ya kulipakia, na kukagua sanduku la mbegu alizozawadiwa mtu huko alikokuwa, ni sehemu ya nidhamu kama kusafisha bunduki. Kambini nako, bustani ya kabichi inayoongeza mboga juu ya posho na maharage isinyunyiziwe dawa kwa mazoea. Dawa isiyochagua huwaua na wale wadudu wanaotusaidia kuwala viwavi.

Lipo onyo moja la lazima. Maneno kama mgeni, mwenyeji na mvamizi yametumika hapa juu ya wadudu, na yaishie kwa wadudu. Nchi ya Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na binadamu anayevuka mpaka akikimbia mauti si kipepeo wa kabichi. Ni mtu mwenye haki, aliye chini ya ulinzi wa sheria na wa askari mwenyewe. Gunia lake likaguliwe kama magunia mengine, na utu wake uheshimiwe. Askari anayechanganya mambo hayo mawili amekosa shabaha kama alivyoikosa yule nyigu wa mwaka 1883.

MASWALI MATATU

Nchi zetu zitaendelea kupata wageni waharibifu. Viwavijeshi vamizi kutoka Amerika walionekana barani Afrika mwaka 2016, na katika muda mfupi walikuwa katika mahindi ya karibu bara zima. Wakati wa dhiki kama hiyo, wakulima hulia, wanasiasa huhimiza, na shinikizo la kuachia silaha yoyote iliyo karibu huwa kubwa. Hapo ndipo kisa cha kipepeo mweupe kinapotakiwa kukumbukwa, na maswali matatu kuulizwa kabla ya mdudu yeyote kutolewa katika karantini. Je, anamwua nani mwingine mbali na aliyekusudiwa? Je, nduguze adui huyo ni akina nani katika nchi yetu, na wanaishi wapi? Je, adui mwenyewe akibaki kwa wingi, atakuwa kambi ya nyuma ya kumlishia nani?

Mwaka 1883 maswali hayo hayakuulizwa, na ilipita zaidi ya miaka mia moja kabla ya kosa kuanza kurekebishwa. Leo majibu yanaweza kupatikana kwa uchunguzi. Mwenye kusubiri uchunguzi huo haonyeshi woga. Anafanya kile ambacho kila kamanda hufundishwa siku ya kwanza, yaani kuwatambua walio mbele yake kabla ya kutoa amri ya kufyatua.